Uongo Mmoja Kila Boksi

Bweni la wasichana, chumba namba kumi na nne
9 Januari

Baba,

Shikamoo. Boksi limefika salama, plasta haijavunjika hata kona. Mwenzangu wa chumba alidhani umeniletea keki, akaja na kisu mkononi. Alipoona ni nyayo za wanyama zilizogandishwa kwenye plasta nyeupe, alirudi kitandani kwake na kisu chake.

Nimefungua ya kwanza. Chini umeandika kwa kalamu ya risasi: "Chui, mguu wa mbele, njia ya kisimani." Nikaipeleka dirishani, nikaigeuza, nikacheka peke yangu. Baba! Chui gani anatembea kucha nje? Chui huficha kucha zake, wewe ndiye uliyenifundisha. Huyu ni fisi, tena fisi mzima. Uongo wako safari hii umekuwa mwepesi mno, au umeanza kunihurumia kwa sababu niko mwaka wa mwisho?

Ilibidi nimweleze mwenzangu mchezo wetu. Nimemwambia kwamba nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nakufuata nyuma na rula ya shule, napima kila unyayo, ndiyo maana ukaniita Rula. Na kwamba kila safari ulinidanganya mara moja, mara moja tu, na sikuruhusiwa kukaa chini mpaka niugundue uongo wenyewe. Amesema baba yake yeye humtumia salamu basi.

Tasnifu yangu imekubaliwa. Nitaandika juu ya makosa ya mtazamaji. Mhadhiri wetu wa sensa anasema wanyama wengi hawapotei porini, wanapotea machoni mwa anayewahesabu. Nitachukua plasta zako, niwape watu kumi na wawili wazitambue, nione nani anakosea wapi na kwa nini.

Jambo jingine ni la kazi. Tuko sitini na wawili darasani. Mhadhiri aliuliza nani anataka kufanya kazi hifadhini, tukanyoosha mikono wote. Akatuambia waliomaliza mwaka jana walioajiriwa hifadhini ni watatu. Mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba yeye ataanza mapema kuuza makava ya simu. Tulicheka, lakini si sana.

Mwandiko wako siku hizi umelala upande. Unaandikia wapi?

Mwanao,
Rula


Kituo cha kaskazini
2 Februari

Mwanangu Rula,

Marahaba. Umepata. Ni fisi.

Sikukuhurumia. Nilitaka kuona kama chuo kimekuharibu macho. Naona bado yapo.

Mwandiko umelala kwa sababu naandikia juu ya goti. Meza yangu imeliwa na mchwa, mguu mmoja umebaki jina tu. Mbwa hajambo. Mtandao wa simu bado haujafika huku, kwa hiyo endelea kuandika, gari la vifaa linakuja kila Jumanne.

Usijitie presha juu ya kazi. Soma. Kuna kitu nakulindia huku na usiniulize ni nini, maana nikikuambia utabweteka.

Baba yako


Kituo cha kaskazini
5 Februari

Mdogo wangu,

Ukimaliza kusoma barua hii ichane, uitupe kwenye kapu lako la vipande vya nguo.

Mtoto ameandika. Amecheka sana, anasema nimemwekea uongo mwepesi. Mimi sikuweka uongo kwenye plasta ile. Niliandika chui kwa sababu niliona chui. Kucha sikuziona. Uongo niliouweka ulikuwa kwenye plasta ya tatu, ile niliyoiita nungunungu, na huo hakuutaja, maana alidhani ameshaupata akaacha kutafuta.

Nimekuwa mfuatiliaji nyayo kwenye hifadhi hii miaka ishirini na sita. Wiki iliyopita niliwaongoza askari wawili nusu siku nzima nyuma ya nyati aliyejeruhiwa, na kumbe tulikuwa nyuma ya ng'ombe wa watu. Wale askari ni waungwana. Walisema jua lilikuwa kali.

Yule daktari wa macho uliyenipeleka kwake Desemba hakukosea. Naona kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuwa dogo. Alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone na kwa kupasuliwa mapema. Nakumbuka kila neno, usidhani nimesahau. Lakini nikienda kupasuliwa lazima niombe likizo ya ugonjwa, likizo inataka karatasi ya daktari, na karatasi ikiingia ofisini nimekwisha.

Mkuu wa hifadhi ameniambia kwa mdomo wake kwamba mimi ni wa mwisho kushika nafasi hii bila shahada. Siku nikitoka, anaingia mwenye shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Kama siku hiyo Rula anayo mkononi, nafasi ni yake. Kama bado, anachukuliwa mwingine. Rula anamaliza Novemba. Ni miezi tisa, nami nitamshikia kiti.

Matone yakiisha nitumie mengine. Juu ya kifurushi andika dawa ya mbwa. Na uliniapia kwa kaburi la mama yetu kwamba mtoto hatajua. Kiapo kiko palepale.

Kaka yako


Dukani kwangu
20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Dawa ya mbwa nimetuma, chupa mbili. Aliyepokea kifurushi kwenye gari ameniuliza mbwa anaumwa nini. Nikamwambia anaumwa ukaidi.

Kaka, mimi ni fundi cherehani, najua macho ni nini. Siku hizi nikishindwa kutunga uzi kwenye sindano namwita mteja yeyote aliye karibu anitungie, wala sioni haya. Wewe unakaa huko porini na simba, unapapasa. Kiti! Kiti ni kitu gani? Mtoto akikipata na wewe humwoni amekikalia, utafurahia nini hasa?

Nenda ukapasuliwe. Mwite mtoto, mwambie. Ana akili, atatafuta kazi kwingine.

Nimeandika haya nikijua hutasikia. Tangu utotoni ulikuwa hivyo, ukishika kamba huiachii hata ikikukata viganja. Kiapo ni kiapo, sitasema. Lakini ujue hakinilazi vizuri.

Mdogo wako


Bweni la wasichana
14 Juni

Baba,

Leo umenivunja mbavu. "Duma, jike, amepita alfajiri karibu na tangi la maji." Duma! Baba, huyu ni mbwa wetu! Kidole cha nje kimepinda kwa sababu alibanwa na mlango akiwa mdogo, nikamfunga mwenyewe kwa kipande cha sare yako kuukuu. Unyayo huo ningeujua hata nikiwa nimefumba macho. Nimecheka mpaka mwenzangu akaniletea maji. Hivi ulikaa siku ngapi ukiupanga uongo huu? Mama angekuwepo angekuambia huna kazi za kufanya.

Tasnifu inakwenda vizuri. Watu wangu kumi na wawili wamekosa nyayo nne katika kila kumi. Wengi wanakosa kwa sababu moja: wakishaamua ni mnyama gani, hawaangalii tena. Mhadhiri ameipenda sana hiyo. Akaniuliza majibu sahihi yamethibitishwa na nani. Nikamwambia na mfuatiliaji nyayo wa miaka ishirini na sita. Akauliza, na yeye hakosei? Nikamwambia huyo akikosea ni kwa makusudi. Darasa zima lilicheka.

Nimeomba kazi sehemu kumi na moja. Tisa hawajajibu, mbili wamejibu kwamba wanataka mtu mwenye uzoefu. Uzoefu nikautolee wapi bila kazi? Lakini sijakata tamaa, bado mapema.

Mwanao,
Rula


Kituo cha kaskazini
1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umepata. Ni mbwa. Anakusalimu.

Mwambie mhadhiri wako kwamba kila mtu hukosea, hata mimi. Liandike hilo kwenye kitabu chako. Nasema kweli.

Nimefurahi kwamba ulicheka.

Baba yako


Chumba changu kipya
3 Desemba

Baba,

Shikamoo. Nimemaliza! Nimevaa joho na kofia ile ya bapa, nimeitwa mbele, nimepeana mkono na mkuu wa chuo. Baba mdogo alinieleza kwamba hukuweza kuja kwa sababu ya sensa ya tembo. Nilikasirika siku mbili, sasa yameisha. Nakutumia picha. Niambie kofia imenikaaje.

Na sikia hili: nimepata kazi. Ni afisa wanyamapori. Nina ofisi yenye dirisha linalotazama msitu, na kila siku naangalia tabia za kundi moja la tumbili, wako thelathini na wanne, nawajua mmoja mmoja. Wananiheshimu hapa. Kwa hiyo pumzika sasa, wala usihangaike kunitafutia chochote wala kunilindia chochote. Nimeshafika.

Katika barua hii hakuna uongo hata mmoja, kwa hiyo usijisumbue kuutafuta.

Mwanao,
Rula


Chumba changu
3 Desemba

Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba unishonee suruali mbili za kaki, vipimo unavyo. Zile za kazini zimechanika magotini.

Nitakueleza wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu. Nimemwandikia baba kwamba nina kazi ya maana. Nipo hotelini. Kazi yangu ni kusimama bustanini tangu asubuhi na manati, kufukuza tumbili wasipande mezani wakati wageni wanakunywa chai. Kwenye beji wameandika afisa wanyamapori, wageni wanapenda kuisoma. Jana tumbili mmoja jike alikaa juu ya ukuta na mkate mkononi akanitazama tu, akiwa na mtoto wake kifuani, na mimi nilikuwa nimeshavuta manati. Sikupiga. Msimamizi aliniona, akanisema mbele ya wapishi.

Miaka minne, baba mdogo. Baba alinitumia plasta arobaini na tatu. Nitamwambiaje kwamba zimeniishia hapa? Usimwambie. Nipe mwaka mmoja, nitapata kazi ya kweli, halafu nitamwambia mwenyewe tucheke. Naomba uniapie.

Rula


Kituo cha kaskazini
19 Desemba

Mdogo wangu,

Imekwisha, na imekwisha vizuri. Barua ya mtoto imefika na gari la Jumanne. Nilimpa askari mmoja anisomee, nikamwambia miwani yangu imepotea; kuandika, mkono bado unajua njia. Rula ni afisa! Ana ofisi yenye dirisha. Nilimwomba askari arudie pale penye dirisha.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkuu wa hifadhi, kwa kuhesabu hatua, ni mia mbili na kumi kutoka mlangoni kwangu. Nikamwambia nimechoka, natoka. Akaniuliza, na binti yako? Nilikuwa nimepanga niseme yuko tayari, shahada anayo. Miezi yote hii nilikuwa nikilisemea moyoni neno hilo. Badala yake nikasema binti yangu ameshapata kubwa kuliko hili. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema mwanangu hanidanganyi, na akidanganya husema. Nafasi amepewa mhitimu mwingine, kumbe alikuwa darasa moja na Rula. Anaanza Januari.

Kwa hiyo kiti sikukilinda bure wala sikukilinda kwa faida, lakini naona fahari kwamba hakukihitaji.

Picha ya mahafali ninayo. Niliisogeza nikaona kofia. Nikaisogeza tena nikaona mkono umeshika cheti. Uso wake sikuupata, nimeutafuta siku mbili.

Sasa njoo unichukue unipeleke kwa yule daktari. Sina tena sababu ya kujificha.

Kaka yako


Dukani kwangu
11 Januari

Mwanangu Rula,

Hii ni barua niliyopaswa kuiandika zamani na sikuiandika. Kaa chini uisome.

Baba yako haoni. Jicho la kushoto limekwisha kabisa, la kulia anatofautisha mlango na ukuta, basi. Tulitoka kwa daktari juzi. Daktari hakupiga kelele, alifungua faili la mwaka juzi, akaniuliza mimi, si yeye, kwa nini hatukurudi.

Alikuwa anajua mwaka mzima. Alikataa kupasuliwa kwa sababu ripoti ya macho ingemtoa kazini kabla hujamaliza, na kazi ile ilikuwa yako. Mkuu wa hifadhi alishakubali: siku baba yako anatoka, wewe unaingia, ukiwa na shahada. Hicho ndicho alichokuwa anakulindia. Yule chui wako aliyetembea kucha nje hakuwa uongo wa mchezo. Yule mbwa naye hakuwa mchezo. Alikuwa haoni, mwanangu, na wewe ulikuwa ukicheka, na yeye aliona ni heri ucheke.

Halafu ukaandika kwamba umepata kazi. Akaenda kuirudisha nafasi.

Usijibebeshe wewe peke yako. Barua zenu zilikaa kwenye droo yangu moja, chini ya vifungo. Yako, ile ya manati, nilipokea tarehe kumi Desemba. Nilijua kabisa atafanya nini akisoma ile nyingine. Ningefunga duka siku ileile nikapanda gari, ningewahi. Lakini nilikuwa na sare themanini za shule za kushona, na nilikuwa nimewaapia wote wawili, nikasema moyoni, acha nimalize sare, nitatafuta maneno. Nilipozimaliza, barua ya baba yako ya kurudisha nafasi ilikuwa imeshafika. Mimi ndiye niliyekuwa nayajua yote na nikakaa kimya kama mtu mwema.

Anaishi kwangu sasa, chumba cha nyuma. Anakunja vitambaa kwa kupapasa, na anavikunja vizuri. Mbwa tumekuja naye.

Nisamehe.

Baba yako mdogo


Dukani kwa baba mdogo
2 Februari

Mwanangu Rula,

Anayeandika ni baba yako mdogo, maneno ni yangu. Amekatazwa kuongeza chumvi.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Unaomba msamaha katika kila mstari mpaka mdogo wangu akachoka kusoma. Inatosha. Na huyo jike uliyemwachia na mkate wake, ulifanya vema. Msimamizi wako hajui wanyama.

Umeuliza kwa nini sikukuambia siku ile ya chui. Nilikuwa nimekaa nje, barua mkononi, na unacheka humo ndani. Tangu mama yako atutoke sikuwa nimekusikia ukicheka namna ile. Nikasema atacheka hata miezi michache. Ikawa hivyo, na kila boksi likawa gumu kuliko lililopita, maana sikujua tena uongo uko wapi. Nilikuwa nakusubiri wewe uniambie nimekosa wapi.

Tasnifu yako irekebishe. Ile plasta ya tatu ya boksi la Januari si nungunungu. Itazame tena.

Mchezo wetu haujaisha. Nakuambia mambo matatu. Giza nimeshalizoea. Kile kiti hakikuwa kitu. Na sikulaumu hata kidogo. Moja kati ya hayo ni uongo. Litafute, na usikae chini mpaka ulipate.

Baba yako

(Rula, nilimwomba tusiandike hilo la mwisho. Amesema niandike. Amejua ninapoacha, anasikia kalamu. — Baba mdogo)


Chumba changu
9 Februari

Baba,

Shikamoo. Plasta ya tatu nimeitazama. Ni nyegere. Niliipita mwaka mzima, watu wangu wote kumi na wawili waliipita, na kwenye tasnifu imeandikwa nungunungu kwa wino mweusi. Nimemwandikia mhadhiri. Nimemwambia pia kwamba mtazamaji aliyekosea kuliko wote hayumo kwenye jedwali, kwa sababu ndiye aliyelichora.

Kazi ya manati nimeiacha leo asubuhi. Beji nimeirudisha. Ijumaa napanda gari, nitafika dukani jioni. Nimeomba kazi kwenye kituo chako cha zamani, ya kubeba vifaa vya yule mhitimu mwenzangu aliyepewa nafasi. Amejibu kwa adabu kwamba wataniangalia msimu ujao. Mpaka hapo nitakuwa na wewe. Asubuhi tutatoka na mbwa, utaweka vidole kwenye unyayo, nitapima kwa rula, na wewe utasema ni nani.

Sasa mambo yako matatu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama ulivyoagiza, mpaka miguu ikaniuma. Kwa mara ya kwanza tangu nina miaka saba sikutaka kuutafuta uongo. Nilitamani uwe umesahau kuuweka.

Uongo ni ule wa giza. Hujalizoea. Kiti hakikuwa kitu, hiyo ni kweli, na hunilaumu, hiyo nayo ni kweli. Hilo ndilo jibu langu na nimeliandika kwa wino.

Baba, siku zote uliniambia nimepata au nimekosa. Safari hii, kama nimekosa, nakuomba usiniambie.

Mwanao,
Rula